AFYA YA NYUMBANI: Usingoje Kikohozi

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za ugonjwa ambao jina lake lenyewe huwadanganya watu. Jina lake ni kifua kikuu. Kila alisikiaye jina hilo hufikiri kifua, na afikiripo kifua hufikiri kikohozi, na damu katika makohozi, na mtu aliyekonda aketiye juani mbele ya nyumba. Wala hakosei, maana wengi wapatwao na ugonjwa huu huugua mapafu. Lakini wako wengine wasiokohoa hata kidogo, na ugonjwa wao ni ule ule. Umewaingia katika mifupa ya mgongo, au katika nyonga, au katika matezi ya shingo, au tumboni, au katika ngozi nyembamba iufunikayo ubongo. Hao hukaa nyumbani mwezi baada ya mwezi wakisema, "Si kifua kikuu, maana sikohoi." Na siku wafikapo hospitali, mara nyingi mfupa umekwisha kuliwa.

Basi neno letu kwa nyumba za Mwanza, na za Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema, na za visiwa vya Ukerewe, Ukara na Kome, ni moja tu: msingoje kikohozi. Na kwa walimu twaongeza neno la pili, kwa kuwa mara nyingi mwalimu ndiye wa kwanza kuweza kuuona ugonjwa huu katika mwili wa mtoto, kabla ya mama na kabla ya daktari.

Jinsi ugonjwa usafirivyo

Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Aliyevitangaza mbele ya wataalamu ni daktari Mjerumani, Robert Koch, katika mji wa Berlin, tarehe 24 Machi 1882. Daktari huyo huyo alifika katika ziwa letu mwaka 1906, akakaa katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda, akichunguza malale, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza watu wa pwani zile. Kwa hiyo mtu aliyeifunua asili ya kifua kikuu hakuwa mgeni katika maji yetu.

Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu akikohoa, vijidudu hutoka hewani, na mwingine aliye karibu naye huvivuta pamoja na pumzi yake. Vikiisha kuingia, hushukia pafuni kwanza, kama msafiri ashukaye bandarini. Kwa watu wengi safari huishia hapo. Mwili huvizingira na kuvifunga, vikalala hata miaka mingi bila ya kumdhuru mwenyewe. Lakini vingine hupata njia ya damu. Na damu ni kama ziwa hili: chombo kikitoka bandari ya Mwanza chaweza kufika Nansio, chaweza kufika Bukoba, chaweza kufika Kisumu. Kadhalika kijidudu kikiisha kuingia katika mkondo wa damu, chaweza kushukia mfupa, au figo, au tezi, au ubongo, na kukaa huko kimya mpaka siku mwili udhoofikapo. Siku hiyo huamka na kuanza kula, ijapokuwa pafu limekwisha pona au halikuonyesha dalili yo yote tangu mwanzo.

Tena hao si wachache. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika wagonjwa wa kifua kikuu walioandikwa ulimwenguni mwaka 2019, yapata 16 katika kila 100 walikuwa nacho nje ya mapafu. Watoto wadogo wamo katika hatari zaidi, na vivyo hivyo watu wenye virusi vya UKIMWI, maana miili yao haina nguvu za kuvifunga vijidudu mahali pamoja.

Ugonjwa wa uti wa mgongo

Katika wale ambao kifua kikuu kimewaingia mifupa na maungio yake, karibu nusu huugua uti wa mgongo. Daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1779, na hata leo madaktari huuita kwa jina lake. Lakini ugonjwa wenyewe ni wa kale kuliko yeye kwa maelfu ya miaka, kwa kuwa alama zake zimeonekana katika maiti za Misri zilizohifadhiwa tangu zama za Mafarao.

Uti wa mgongo ni kama nguzo ya matofali, pingili juu ya pingili. Vijidudu hula pingili kwa upande wa mbele, mara nyingi mbili zilizo jirani pamoja na gegedu iliyo katikati yao. Upande wa nyuma hubaki mzima. Basi uzito wa mwili ukiendelea kukandamiza, nguzo huinamia mbele, na mgongoni hutokea nundu yenye ncha. Hicho ndicho kibyongo ambacho watu hudhani mtu amezaliwa nacho, au amekipata kwa kubeba mizigo.

Nundu si mwisho wa mambo. Ndani ya nguzo ile hupita kamba nene ya fahamu itokayo ubongoni na kuipa miguu nguvu zake. Usaha na vipande vya mfupa vikiibana kamba hiyo, mtu huanza kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Kisha miguu huwa mizito na kukakamaa, kisha hawezi kusimama, kisha hawezi kuuzuia mkojo. Na pengine usaha hushuka polepole kwa kuufuata msuli, hata ukatokeza kinenani kama uvimbe mkubwa laini. Jipu hilo si kama majipu mengine: halina moto, wala ngozi iliyo juu yake si nyekundu, kwa sababu hiyo huitwa jipu baridi. Mtu alipasuaye nyumbani kwa wembe hapati kulimaliza, bali hufungua kidonda kitakachotoa maji miezi mingi.

Je, huanzaje? Huanza kwa maumivu madogo. Mgongo huuma mahali pamoja, siku zote pale pale, wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya nne. Mvuvi husema ni nyavu, mkulima wa pamba husema ni jembe, mama husema ni ndoo ya maji. Lakini uchovu wa kazi hupoa mtu akilala siku mbili tatu. Maumivu haya hayapoi, bali huzidi, hata usiku. Pamoja nayo huja homa ndogo za jioni, jasho la usiku lilowanishalo shuka, kukosa hamu ya chakula, na kukonda. Si lazima dalili hizo zote zije pamoja. Mgongo uumao mahali pamoja kwa majuma mengi watosha peke yake kumpeleka mtu kwa daktari.

Maungio mengine pia hupatwa, hasa nyonga na goti. Kiungo huvimba polepole bila ya kuwaka moto, paja hunyauka, na mtoto huchechemea asubuhi na kuonekana nafuu mchana. Usiku, msuli uliokuwa ukikilinda kiungo hulegea kwa usingizi. Mfupa unaouma hugusana na mwenzake, na mtoto hushtuka akilia kwa sauti kali, kisha hulala tena. Wazazi husema ameota ndoto mbaya. Tafadhalini, mtoto achechemeaye mchana na kulia usiku hana ndoto mbaya. Ana kiungo kigonjwa.

Matezi, tumbo na ubongo

Ugonjwa huu hupenda pia matezi ya shingo. Kwanza huonekana uvimbe mmoja chini ya taya au kando ya shingo, mgumu kama ulezi uliofungwa kitambaani, usiouma. Halafu huja wa pili na wa tatu, vikashikamana, na mwishowe ngozi hutoboka na kutoa usaha. Kwa kuwa hauumi, watu huuacha, au huuchanja chale na kuupaka dawa za majani. Wala tusidhani kwamba ni watu wa huku tu waliohangaika hivyo. Kwa karne nyingi watu wa Uingereza na Ufaransa waliamini kwamba matezi hayo huponywa kwa kuguswa na mkono wa mfalme. Mwaka 1712 mtoto mdogo, Samuel Johnson, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa kamusi, alipelekwa London akaguswa na Malkia Anne. Asipone, akaenda na makovu ya shingo maisha yake yote.

Katika nchi ya wafugaji kama Usukuma hapana budi tuseme pia habari za maziwa. Ng'ombe naye ana kifua kikuu chake, na vijidudu vyake huweza kumwingia mtu kwa njia ya maziwa mabichi, vikashukia matezi ya shingo na matumbo. Si hadithi ya nchi za mbali: mwaka 2001 wachunguzi walichapa habari kwamba wamevipata vijidudu vya ng'ombe katika matezi ya wagonjwa wa hapa Tanzania. Basi maziwa na yachemshwe mpaka yatokote. Hata yale ya kugandisha yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe, maana uchachu peke yake hautoshi kuviua vijidudu vyote.

Tumboni ugonjwa hufanya makovu katika utumbo, njia ikawa nyembamba, na mwisho ikaziba kabisa. Madaktari wapasuaji wa Hospitali ya Bugando, ile iliyo juu ya kilima mjini Mwanza, walichapa mwaka 2013 habari za wagonjwa zaidi ya 100 waliozibwa matumbo kwa sababu ya kifua kikuu, waliowapokea katika muda wa miaka michache. Watu hao hawakuja kwa kikohozi, bali kwa tumbo lililovimba, kutapika, na kukosa choo.

Lakini kilicho cha haraka kuliko vyote ni kile cha ubongo. Mtoto huwa mchovu na mwenye hasira kwa majuma mawili hivi, hukataa chakula, hulalamika kichwa, hutapika. Kisha shingo hukakamaa, na usingizi wake huwa mzito mno. Hapo msingoje hata siku moja. Katika ugonjwa wa mgongo mwezi mmoja hupoteza mfupa; katika ugonjwa wa ubongo siku chache hupoteza mtoto.

Kwa nini twakawia?

Uchunguzi uliochapwa mwaka 2000 juu ya wagonjwa wa kifua kikuu katika Mwanza ulionyesha kwamba wengi walikaa miezi kadhaa tangu walipoanza kuugua hata walipoanza dawa, na sehemu kubwa ya kukawia huko ilikuwa kabla ya kufika hospitali. Nao walikuwa wagonjwa wa mapafu, ambao kikohozi chao kilisikiwa na nyumba nzima. Basi asiyekohoa atakawia kiasi gani?

Wengine hukawia kwa umbali. Zamani mgonjwa wa Sengerema au Geita aliyekwenda Mwanza alikingoja kivuko pale Busisi. Lakini tangu Juni 2025 daraja refu la Kigongo na Busisi limefunguliwa, na safari hiyo imekuwa nyepesi. Watu wa visiwani bado wategemea vyombo vya majini, tena upepo haumngoji mgonjwa. Hao yawapasa kuanza mapema zaidi kuliko wengine, na kwanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wapate barua ya kuwapeleka mbele.

Wengine hukawia kwa maneno. Husemwa kwamba mtoto amerogwa, na kwamba yuko mtu aliyemtazama kwa jicho baya. Ndugu zetu, tuseme wazi. Katika nchi hii ya Usukuma twajua mambo ya kusikitisha yaliyowapata bibi vikongwe waliosingiziwa uchawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na wengine wakauawa. Kijidudu cha kifua kikuu hakitumwi na bibi ye yote. Kila mara nyumba itafutapo mchawi wa kibyongo, hudhuru watu wawili: mzee asiye na hatia, na mtoto ambaye mgongo wake waendelea kuliwa wakati watu wakibishana.

Na wengine husema, "Tumwombee kwanza, tuone." Waumini wasiache kumwombea mgonjwa wao, lakini sala haikatazi dawa, wala hapana aliyeagizwa kuchagua moja na kuliacha la pili. Na waombe wakiwa njiani kwenda hospitali.

Neno kwa walimu

Mwalimu huwaona watoto arobaini, sitini au zaidi kila siku, wakiketi, wakisimama, wakiinama na kukimbia. Mama humzoea mtoto wake, hata asiyaone mabadiliko yajayo polepole; bali mwalimu huweza kumlinganisha na wenzake. Basi atazame mambo haya.

Kwanza, mtoto aokotaye chaki au kalamu bila ya kuinamisha mgongo. Mtoto mzima huinama tu. Mtoto mwenye ugonjwa wa mgongo huchuchumaa kwa magoti, mgongo umenyooka kama mti, mkono mmoja akiuegemeza juu ya paja, kisha hujiinua polepole kwa kujishika.

Pili, mtoto aketiye akijitegemeza kwa mikono juu ya benchi, kana kwamba mwili wake umekuwa mzito kuliko anavyoweza kuubeba.

Tatu, mtoto aliyekuwa akicheza mpira ambaye sasa hukaa kando siku zote, au achechemeaye, au aangukaye mara kwa mara.

Nne, mwenye uvimbe wa shingo uliodumu zaidi ya majuma mawili, au mgongo wenye nundu ndogo ionekanayo chini ya shati.

Mwalimu aonaye mambo haya asimpige mtoto kwa uvivu, wala asimwite kwa jina la kilema. Na awaite wazazi kwa upole, awaambie alichokiona, awasihi wampeleke kupimwa juma lile lile. Akiweza kuwaandikia barua fupi ya kumwonyesha daktari, atakuwa amefanya kazi kubwa, maana daktari humwona mtoto kwa dakika chache tu, lakini mwalimu amemwona mwaka mzima.

Hospitali watafanya nini?

Watauliza habari, watampima uzito, watamgonga mgongo pole pole kutafuta mahali paumapo, na watampiga picha ya eksirei. Kama kuna uvimbe, watavuta maji yake kwa sindano ili kuyapima. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipozikubali mwaka 2010, zimekuja mashine ziwezazo kuonyesha kijidudu kwa muda wa saa mbili hivi, nazo hupima makohozi, na usaha, na maji ya mgongo pia. Watapima na damu kwa virusi vya UKIMWI, kwa kuwa magonjwa hayo mawili hufuatana, na dawa za moja huhitaji kupatanishwa na dawa za pili.

Hapa mwangalie jambo moja. Mtu akipimwa makohozi na kuambiwa hayana vijidudu, asirudi nyumbani akisema, "Nimepimwa, sina kifua kikuu." Makohozi husema habari za mapafu. Habari za mgongo hayazijui. Kama maumivu yangalipo, na arudi, aseme, "Mgongo wangu waniuma mahali pamoja, tafadhali mnipime mgongo."

Dawa zake zatolewa bure katika hospitali na vituo vya serikali, na vya misheni vilivyomo katika mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa hunywa dawa za namna nne, kisha za namna mbili. Kwa matezi, muda wote ni miezi sita; kwa mifupa, mgongo na ubongo, huongezwa, mara nyingi hata kufika miezi 12. Mgonjwa huchagua mtu wa nyumbani wa kumsimamia anywapo dawa. Na awe mtu mwaminifu, asiyechoka, asiyeona haya kumkumbusha mkubwa wake. Mkojo utakuwa na rangi ya machungwa. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Lakini macho yakigeuka manjano, au kutapika kukizidi, au macho yakipungua nuru, arudi hospitali mara moja. Asiziache dawa kimya kimya nyumbani.

Hatari kubwa huja mwezi wa pili au wa tatu. Homa imekwisha, chakula kina ladha, mgonjwa amenenepa, naye husema, "Nimepona." La! Vijidudu vilivyo vyepesi vimekufa, vilivyo vigumu vimebaki. Aachaye hapo huvifundisha vijidudu kuzishinda dawa, na mara ya pili atahitaji dawa nyingine, kali zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Yafaa tukumbuke wagonjwa wa zamani walikuwa katika hali gani. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilipofunguliwa mwaka 1926 kwa ajili ya wenye kifua kikuu, hapakuwa na dawa hata moja duniani iwezayo kukiua kijidudu hicho. Dawa ya kwanza, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943. Kabla ya hapo mwenye ugonjwa wa mgongo alilazwa kitandani miezi na miaka, amefungwa plasta ngumu, akiota jua na kungoja. Baadaye majaribio yaliyoanza miaka ya 1960 huko Korea, Hong Kong na Bulawayo yalionyesha kwamba wagonjwa wengi wa mgongo wakinywa dawa sawasawa huweza kupona huku wakitembea, bila ya kufungwa kitandani. Na ule mpango wa miezi sita uliosaidia ulimwengu mzima ulijaribiwa hapa kwetu Afrika Mashariki, habari zake zikachapwa mwaka 1972. Wagonjwa wa nchi zetu ndio waliozimeza dawa hizo kila siku mpaka jambo likajulikana. Basi leo mtu wa Mwanza akiziacha dawa katikati, huitupa zawadi iliyopatikana kwa uvumilivu wa watu wake mwenyewe.

Lakini dawa zina mpaka, nasi hatutaki kuuficha. Huuzima moto, hazijengi tena nyumba iliyoungua. Mgongo uliokamatwa mapema hubaki umenyooka. Mgongo uliokwisha kupinda utaacha kuuma, utaacha kuliwa, lakini kwa dawa peke yake hautanyooka. Miguu iliyolegea kwa majuma machache mara nyingi hurudiwa na nguvu, kwa dawa, na pengine kwa kupasuliwa. Iliyolegea muda mrefu huenda isirudi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa mfupa ni mgumu mno kuujenga.

Je, mgonjwa huyu ataambukiza nyumba?

Twaulizwa neno hili mara nyingi. Kifua kikuu kilichomo mfupani au katika tezi, kama mapafu ni mazima, kwa kawaida hakimrukii mtu mwingine, kwa kuwa hakitoki kwa pumzi. Basi msimtenge mtoto wa namna hii. Ale pamoja na ndugu zake, alale pamoja nao, na mara daktari akisema aweza, arudi shuleni. Kikombe chake hakina neno. Kumtenga ni kumpa ugonjwa wa pili, yaani ugonjwa wa moyo mzito, ambao hauna vidonge.

Walakini mjiulize neno moja: yeye alikipata wapi? Kama si kwa maziwa mabichi, basi alivuta pumzi ya mtu mzima akohoaye. Mtu huyo huenda akawa babu, au mjomba aliyekuja kutoka kambi ya wavuvi, au mlezi, au jirani. Mtoto mwenye kibyongo ni kama moshi. Chini yake pana moto mahali fulani. Kwa hiyo nyumba nzima na ipimwe. Anayekohoa kwa majuma mawili atoe makohozi. Watoto walio chini ya miaka mitano wapelekwe wote, maana wasio wagonjwa huweza kupewa dawa za kuwakinga. Na kila mtoto mchanga apewe chanjo ya BCG azaliwapo. Chanjo hiyo, iliyoanza kutumiwa Paris mwaka 1921, humkinga mtoto hasa na kifua kikuu cha ubongo na kile kienezwacho mwili mzima. Tena madirisha yafunguliwe, maana hewa ipitayo huwatawanya maadui hawa bila ya kutulipisha kitu.

Basi, ndugu wasomaji, jioni ya leo baba na mama watazameni watu wenu. Je, yuko aumwaye mgongo mahali pamoja tangu mwezi uliopita? Yuko mwenye tezi shingoni lisilouma wala lisilopungua? Yuko mtoto aliaye usiku na kuchechemea asubuhi? Yuko bibi ambaye tumesema ni uzee tu, naye akonda siku kwa siku? Akiwapo, msiulize kwanza kama akohoa. Mwandalieni nauli, mchague wa kumsindikiza, mwende naye juma hili.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za kichocho na maji ya ufuoni. Wasalaam.